Pua ya Kwedimbago

Mzee Kigosi alikuwa akiilisha pua kabla hajanywa chai yake mwenyewe. Alifungua kifuniko kidogo cha kisanduku kilichofungwa mdomoni mwa mashine ya kusaga, akadondosha tone la maji ya sukari, akasema, "Bismillahi, haya, kula." Wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Kwasemvua walishamweleza mara nyingi kwamba pua haihitaji kusemeshwa. Yeye aliwajibu kwamba hata punda hahitaji, ila ukimsemesha anatembea vizuri.

Asubuhi hiyo wanafunzi wawili walikuwa wamesimama pembeni wakimtazama. Mmoja alikuwa Mwantumu Sekiete, wa mwaka wa tatu, ambaye ndiye aliyeifundisha pua kunusa. Wa pili alikuwa Elinami Mnzava, Mpare wa Mbaga, aliyetengeneza kufuli la umeme linalounganisha pua na mota. Kila wiki wanafunzi wa Karakana ya chuo walizungukia vijiji kukagua pua zao. Chuo kiliita kazi hiyo huduma kwa jamii. Elinami aliiita kula vumbi kwa cheti.

Foleni ya wanawake ilianza kusogea. Mzee Kigosi alimimina mahindi ya wa kwanza kwenye bakuli la kupimia, pua ikayanusa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, taa ikawaka kijani, na mota ikanguruma. Wa pili, kijani. Wa tatu, kijani. Hakuna aliyeshangaa tena. Tangu mvua zianze kuja zinapotaka zenyewe, mahindi yalikuwa hayakauki inavyopaswa, na sumukuvu iliingia majumbani bila kubisha hodi. Kwedimbago walizika watu wengi msimu ule mmoja mbaya, wakiwemo wajukuu wawili wa Mzee Kigosi. Kisha Karakana ikaleta pua, halmashauri ikaipenda, na sasa katika tarafa nzima hapakuwa na mashine inayozunguka bila pua kuridhia.

Ndipo akafika Mhando na kiroba begani. Watu walimpisha haraka kuliko adabu inavyotaka.

"Ni ya shemeji?" Mzee Kigosi akauliza taratibu.

"Ya shemeji. Nimechagua mwenyewe punje kwa punje, baba. Tujaribu tena."

Mahindi yakaingia kwenye bakuli. Taa ikawaka nyekundu, na mota ikanyamaza. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya Mhando, Mama Riziki, akavuta ndoo yake nyuma kana kwamba nyekundu ile inaambukiza.

"Mara ya ngapi hii?" mwingine akanong'ona, ila mnong'ono wa kusikika. "Pua haisemi uongo. Marehemu alilala mzima, alikula nini usiku ule kama si ugali wa mkewe, wa unga wa kinuni?"

"Hapa tunasaga mahindi, hatusagi watu," Mzee Kigosi akafoka. Lakini hakuibishia pua. Alimrudishia Mhando kiroba chake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu kizito.

Mhando aliwageukia wanafunzi. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri. "Kaka yangu alikuwa anampenda sana yule mwanamke. Sisemi alikusudia. Lakini ukoo umekaa, tumekubaliana, eda ikiisha watoto nawachukua mimi. Siwezi kuwaachia mikono ile iwapikie tena. Ninyi mngewaachia?"

Elinami akatazama viatu vyake. Mwantumu akasema pole, kisha akafanya ambacho kanuni ya Karakana ilitaka kifanyike kila taa inapowaka nyekundu, ingawa walishaacha kukifanya kwa kuiamini pua: akachota kopo moja la mahindi yale ili akayapime chuoni.

*

Karakana ya Kwasemvua zamani ilikuwa bwalo la chakula, na siku za joto bado ilinukia maharage. Ndani yake sasa kulikuwa na meza za useremala, mashine za kuchapa plastiki, na kelele zisizokwisha. Vijana wa mwaka wa kwanza walikuwa wakigombana juu ya mguu wa bandia wa fundi cherehani mmoja wa mjini, ambaye hakutaka mguu wa kutembelea, alitaka wa kukanyagia pedali. Ukutani palikuwa na kitambaa kipya cha Maonyesho ya Jumamosi. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kuona pua, na ilisemekana wanataka za mkoa mzima.

Mwantumu alifungua kabati la joto na kutoa sahani ya kioo. Juu yake palikuwa na utando mwembamba, mweupe kama ukoko wa wali. Zilikuwa seli zilizokuzwa kutoka kwenye vipapasio vya fukusi, mdudu ambaye maisha yake yote ni kunusa mahindi. Utando ukipata harufu hutoa umeme kidogo, na kompyuta yenye ukubwa wa kiberiti huusoma. Lakini fukusi hajali sumu, yeye anajali shibe. Kwa hiyo utando ulipaswa kufundishwa. Unaupa harufu ya mahindi mabaya, unaudondoshea sukari. Unaupa ya mahindi mazuri, unaunyima. Baada ya majuma kadhaa unajua unachotakiwa kukipigia kelele. Mwantumu alikuwa amefanya kazi hiyo muhula mzima, na utando wa kila pua katika tarafa ulikuwa umekatwa kutoka kwenye ule wake wa kwanza, kama miche ya muhogo inavyokatwa shina moja.

Aliyavunja mahindi ya kopo, akayafunika na kitambaa cheusi, akayamulika kwa taa ya zambarau. Ndiyo njia ya kizamani: mahindi yenye sumukuvu aghalabu hung'aa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Hayakung'aa. Akavunja mengine. Hayakung'aa. Akachukua karatasi ya kipimo, moja kati ya chache zilizobaki kabatini, akaichovya kwenye maji ya unga wake na kusubiri. Karatasi ikasema mahindi ni safi.

"Imeharibika," akasema.

"Karatasi?"

"Sijui. Njoo unisaidie kufikiri."

Elinami akaja, akainamia kopo, akakunja pua. "Mahindi haya yananukia msiba."

"Msiba unanukaje, Eli?"

"Ninyi hamwezi kusikia, mmezoea. Mimi kila nikija kuhani kwenu, hiyo ndiyo harufu inayonipokea mlangoni. Ule moshi wenu."

"Ubani," Mwantumu akasema. Kisha akakaa chini, kwenye kigoda cha mtu mwingine.

Alikuwa anakumbuka jinsi alivyokusanya mahindi mabaya ya kufundishia. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuyapata: majumbani mwa waliokufa. Na yeye alilelewa na bibi. Huwezi kuingia nyumba ya watu wanaolia ukaomba debe la mahindi. Alisubiri kila nyumba imalize khitma, ndipo akaenda na salamu zake na kiroba chake, na watu walimsifu kwa adabu hiyo. Lakini Kwedimbago, kukiwa na msiba, mahindi hutolewa ghalani na kuingizwa chumba cha ndani, kwa sababu wapikaji ni wengi na wanachota hapo hapo. Na chumba hicho hufukizwa ubani asubuhi na jioni. Kila punje yenye sumu aliyoipata ilikuwa imeshalala kwenye moshi. Na mahindi mazuri aliyatoa shamba la chuo, ambako hakuna aliyekuwa amekufa.

"Eli, nenda dukani getini. Ninunulie ubani."

Waliyafungia mahindi ya chuo, masafi kabisa, ndani ya sanduku pamoja na chetezo cha kuazima kinachofuka ubani, wakayaacha hadi alasiri. Wakayaweka mbele ya pua. Nyekundu.

Elinami akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa. "Sasa imefundishwa nini hii?"

"Bado. Lete ile ndoo ya maonyesho."

Ndoo ile ilikuwa ya mwaka wa kwanza. Waliloweka mahindi na kuyaacha yaoze makusudi, ili Jumamosi wageni waone kuvu kwa macho yao. Hakuna aliyejisumbua kuyapitisha kwenye pua, maana nani anahitaji pua kujua kwamba mahindi yale ni mabovu? Chini ya taa ya zambarau yalimeta hadi Elinami akarudi nyuma. Karatasi ya kipimo nayo ikasema ni sumu tupu. Mwantumu akayaweka kwenye bakuli, akaisogeza pua.

Kijani. Mota ya majaribio ikanguruma vizuri tu.

"Lakini kila ilipowaka nyekundu," Elinami akasema, "tulipofuatilia kwenye nyumba ile tulikuta..."

"Tulikuta pamefiwa. Tukaandika kwamba pua imepatia." Mwantumu alizima mota. "Haijui sumu, Eli. Nimeifundisha kunusa nyumba zenye msiba. Na wenye nyumba hizo tumewanyima unga, halafu tukawaambia wamejiua wenyewe."

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na Elinami akasimama mbele yake ili wa mwaka wa kwanza wasione.

*

Mwalimu Shemdoe, mkuu wa Karakana, alisikiliza yote bila kukatiza. Akaomba aonyeshwe. Akaonyeshwa nyekundu, akaonyeshwa kijani. Kisha akafunga mlango wa ofisi na kukaa.

Hakuwa mtu wa kupenda sifa. Wanafunzi walijua kwamba nusu ya vifaa vya Karakana alivinunua kwa mshahara wake, na kwamba mwaka ule wa vifo alishinda makaburini Kwedimbago akichimba pamoja na wenyeji. Ndiyo maana maneno yake yalimwingia Mwantumu kuliko ambavyo angependa.

"Nikuulize, binti. Tangu pua zifungwe, Kwedimbago wamekufa wangapi kwa sumukuvu?"

"Hakuna tunayemjua, mwalimu."

"Kwa nini, kama pua haijui kitu?"

Mwantumu alikuwa amelifikiria hilo njia nzima ya kuja ofisini. "Kwa sababu siku hizi wanaanika kwenye turubai."

"Umesema. Zamani walianika njiani, mbuzi wakipita juu yake. Tumewahubiria miaka mingapi? Afisa kilimo amekauka koo. Hawakusikia. Ilipokuja pua, wakasikia. Wanaanika, wanapindua, wanachambua, wakiona wingu wanakimbia kufunika. Wanaogopa kuaibika mbele ya foleni. Kilichowaokoa ni huo woga, na woga huo unaning'inia kwenye kisanduku chako. Ukiwaambia leo kwamba kisanduku hakijui kitu, turubai zitarudi kuezekea mabanda ya kuku. Mvua ijayo tutachimba tena, mimi na wewe."

"Na Bi Somoe, shemeji yake Mhando?"

Mwalimu Shemdoe alitazama dirishani. "Nitampelekea unga. Wa chuo, bora kabisa."

"Hajakosa unga tu, mwalimu. Wanasema amemuua mumewe. Na watoto wanachukuliwa eda ikiisha."

"Wiki sita. Tunafundisha utando mpya, vizuri safari hii, tunabadilisha pua moja baada ya nyingine tukisema ni matengenezo. Mahindi yake yatawaka kijani. Watu watasahau."

"Eda inaisha kabla ya wiki sita. Na mahindi mabaya yanayopita kijani katika wiki hizo?"

"Ni machache, kwa sababu wanaanika." Aliinua mkono kabla hajajibiwa. "Najua. Machache si sifuri. Nimefundisha hesabu, najua. Lakini niwekee kwenye mizani, huku mwanamke mmoja anasemwa, huku kijiji kizima. Mimi mzani wangu unalalia huku. Sikuamuru, Mwantumu. Nakuomba. Jumamosi ipite, tuzungumze."

Mwantumu alisema ndiyo, mwalimu. Na alipotoka nje alijua kwamba hakusema ndiyo kwa heshima tu. Sehemu yake moja ilikuwa imekubali.

*

Unga wa chuo aliupeleka yeye mwenyewe. Bi Somoe alikuwa amekaa eda kwenye chumba cha nyuma, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja, na alimkaribisha Mwantumu kwa sauti ya mtu aliyezoea kutotembelewa.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa. Kaa, kaa kwenye mkeka. Wewe ndiye wa pua?"

"Ndiye mimi."

"Hujambo basi. Na huo mzigo?"

"Unga, mama. Wa chuo."

Bi Somoe aliugusa mfuko kwa ncha za vidole, kisha akausukuma urudi. "Mpe Mhando. Mimi sipiki."

"Hupiki kabisa?"

"Tangu mara ile ya kwanza ilipowaka. Watoto wanakula kwa jirani, kila mlo nyumba tofauti, kama makuli. Mimi wananiletea sahani." Alisema hayo bila kulalamika. "Nakaa hapa nawaza usiku ule. Nilisonga ugali, na kisamvu. Akaniambia, leo umepatia. Akaongeza tonge. Mimi ndiye niliyemwambia aongeze, mwanangu, kilikuwa kimebaki kidogo, nikasema kisitupwe. Alfajiri akawa wa baridi. Sasa kila nikitaka kumlilia, nakumbuka kwamba muuaji halii. Anayelia ni aliyefiwa."

Mwantumu alikuwa amejiambia njia nzima kwamba ataweka unga na kuondoka. Alifungua mdomo kusema kwaheri. Badala yake akauliza, "Mahindi yako yaliyobaki yako wapi, mama?"

"Yako uvunguni hapo. Wanakuja kuyachoma."

"Nifungie dirisha."

Chumba kikawa giza. Mwantumu akatoa taa ya zambarau mkobani, akavunja punje kwa koleo, akazimulika juu ya sinia. Zilibaki kama zilivyo. Akatoka nje kwenda kwa jirani, akaomba kiganja cha mahindi, akapata, akarudi. Nayo mengi hayakung'aa, ila punje mbili tatu zilitoa nuru hafifu ya kijani na manjano. Bi Somoe aliziona kabla hajaonyeshwa.

"Hizo mbona zinawaka?"

"Hizo ndizo zenye sumu. Ni chache, lakini ni hizo. Pua imezipitisha. Yako imeyakataa, na hayana kitu." Mwantumu alieleza yote, tangu khitma alizosubiri hadi ndoo ya maonyesho. Hakujipamba. "Pua inakataa ubani, mama. Mimi ndiye niliyekosea kuifundisha."

Nje kuku alikuwa akitangaza yai.

"Kwa hiyo sikumuua."

"Kilichomuua mzee sikijui. Labda moyo, labda nini, Mungu ndiye anajua. Lakini mahindi haya hayakumuua. Hilo nina hakika nalo."

Mwantumu alidhani atalia, au atampiga kofi. Bi Somoe hakufanya lolote. Alifungua dirisha mwenyewe, akakaa tena, akaweka mikono miwili mapajani.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akauliza hatimaye. "Mimi niko ndani. Sitoki. Maneno hayako humu, yako kule mashineni. Ukiniambia mimi peke yangu umenipa siri, na siri ya nini? Watoto watachukuliwa na mimi najua kwamba sina kosa. Hiyo ni nafuu au ni adhabu?"

Mwantumu akachukua taa yake.

*

Mashineni foleni ilikuwa ndefu, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mwantumu alipita mbele, akamwomba Mzee Kigosi azime mota. Alizima, akidhani ni ukaguzi. Kisha binti yule akachomoa waya wa pua mbele ya watu wote, akakishusha kisanduku na kukiweka chini sakafuni.

Aliongea vibaya. Alianza na vipapasio vya fukusi, akaona macho yanazubaa, akarudi nyuma. Mwishowe akasema kwa kifupi: pua inanusa ubani. Ikinusa ubani inakataa. Sumu haijui. Nyumba zote zilizokataliwa zilikuwa zimefiwa tu. Mahindi ya Bi Somoe ni safi, nimeyapima kwa njia mbili. Na yenu yaliyopita, mengi ni mazuri kwa sababu mnayaanika vizuri, ila mengine si mazuri, na siwezi kuwaambia yapi bila kuyapima upya. Kosa ni langu.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mmoja aliuliza wamekuwa wakila nini muda wote huo. Mwingine aliuliza chuo kitalipa nini. Mama Riziki alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja. Na mwanamke mmoja mnene, akicheka kwa uchungu, akasema maneno ambayo Mwalimu Shemdoe aliyaona yakija. "Basi na mimi narudisha turubai yangu kwenye banda. Nilikuwa najivunja kiuno kumfurahisha fukusi!"

"Rudisha," Mzee Kigosi akasema. "Na siku utakapozika, usiniite."

Mzee alikuwa anakitazama kisanduku kilichokuwa sakafuni. Kila mtu pale alijua wajukuu wake wamelala wapi. Alipomgeukia Mwantumu, sauti yake ilikuwa ya chini na ilitisha zaidi ya kelele zote.

"Mimi nilikiamini hiki kuliko nilivyowaamini majirani zangu. Nilimrudishia mjane mahindi yake mara tatu kwa mikono yangu hii. Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi, baba."

"Juzi. Na jana watu wamesaga hapa."

"Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nafikiri ni heri nisiseme."

"Na leo umeacha kuogopa?"

"Hapana."

Mzee Kigosi alitikisa kichwa, na haikujulikana kama amesamehe au amechoka. "Leo sisagi," akatangaza. "Anayetaka apimiwe na hiyo taa aje na punje zake, moja moja, gizani, hata ikichukua mwezi. Asiyetaka, kinu anacho nyumbani."

Wengine waliondoka wakitukana chuo. Wengine walibaki na kuanza kupanga ndoo. Mwantumu aliwaambia kwamba taa nayo haimalizi kila kitu, na kwamba karatasi za kipimo ndizo za uhakika lakini ziko chache. Waliomsikiliza walikuwa wachache zaidi. Simu yake ilikuwa inaita. Alipokea.

"Umesema," Mwalimu Shemdoe alisema. Habari ilikuwa imeshafika, kama habari zinavyofika.

"Nimesema, mwalimu."

"Wageni wamepiga simu, Jumamosi hawaji. Nimetoa amri pua zote zizimwe." Akavuta pumzi. "Sijui kama umefanya vizuri. Nitajua mvua zikija. Nawe hivyo hivyo."

"Ndiyo, mwalimu."

Alipoweka simu mkobani aliona kwamba foleni imekatika katikati. Mama Riziki alikuwa ameiacha ndoo yake chini na anapandisha njia ya kwenda nyumba ya Bi Somoe, khanga ameifunga kiunoni. Nyuma yake wakafuata wawili, kisha wanne, hata yule mnene. Mhando alikuwa amesimama kando ya ukuta wa mashine na kiroba begani. Alikuwa amekuja kujaribu tena. Hakuwafuata mara moja. Alikaa juu ya kiroba, akainamisha kichwa, kisha akainuka naye akaenda, akipitia kwa jirani kuwachukua watoto.

Mwantumu alifika mwisho. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye chumba cha nyuma na hakuna aliyejua pa kuanzia. Mama Riziki alijaribu kuomba radhi, akakwama. Watoto waliingia wakakaa upande huu na huu wa mama yao. Bi Somoe aliwatazama wote, uso mmoja baada ya mwingine, kama mgeni anayehesabu wenyeji wake.

Kisha uso wake ukavunjika. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha mtu mwenye eda ndefu nyuma yake. Kilikuwa cha mtu aliyepokea habari sasa hivi mlangoni.

"Mume wangu amekufa," akasema. "Jamani, mume wangu amekufa. Leo ndiyo nimefiwa."

Mama Riziki akatandika mkeka wa pili, na wanawake wakakaa chini wakaanza kulia naye.